Teksi bila dereva Abu Dhabi: mama kapanda, kaka ana wasiwasi

Ukiwa Yas hapa Abu Dhabi ukaita teksi kwa simu, siku hizi unaweza kuletewa gari ambalo kiti cha dereva hakina mtu. Si maonyesho. Ni biashara: unalipa, unafunga mkanda, linakupeleka. Uber ikishirikiana na WeRide ya China ilianza huduma hii Disemba 2024, kwanza kukiwa na mtaalamu ameketi mbele kuangalia mambo, na mwishoni mwa 2025 baadhi ya magari yakaanza kutembea bila mtu yeyote wa kampuni ndani.

Kila nikipiga simu nyumbani Mombasa naulizwa swali lile lile: hamuogopi? Mimi huwaambia kwamba watu wa hapa walishazoezwa zamani. Metro ya Dubai ilifunguliwa tarehe 9 Septemba 2009, na tangu siku hiyo treni zake zinajiendesha. Tumezipanda na watoto, na mabegi ya Deira, wengine husinzia humo mpaka wakapitiliza kituo. Mwaka 2016 Dubai ikatangaza lengo kwamba ifikapo 2030 robo ya safari zote mjini humo ziwe za vyombo vinavyojiendesha. Kule Marekani, ambako magari haya yamejaribiwa kwa miaka mingi, hofu bado ni kubwa: chama cha wenye magari cha AAA kiliuliza madereva mwaka 2025, na asilimia 13 tu walisema wangeyaamini, huku asilimia 61 wakisema wanaogopa.

Na wana sababu. Treni ina njia yake, hapavuki mtu wala paka. Barabarani gari linategemea kamera, rada na miale ya leza inayopima umbali wa kila kilicho karibu, halafu kompyuta inaamua: huyu anavuka, yule kasimama tu. Kuna siku inakosea. Machi 2018, Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lilimuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku akikokota baiskeli. Oktoba 2023, San Francisco, gari la Cruise lilimburuta mwanamke aliyekuwa ameshagongwa na gari jingine lenye dereva. Jimbo likasimamisha kibali, na mwaka uliofuata General Motors, wenye Cruise, wakaachana na biashara ya teksi hizo.

Haya yasifichwe. Lakini jamani, tusijifanye hatujui tunavyoendeshwa na binadamu. Yupo anayejibu WhatsApp akiwa kilomita 120 kwa saa, na yupo anayekuwashia taa kwa nyuma mpaka umpishe. Mimi nikipima, naogopa zaidi hao.

Mamangu alipokuja kututembelea nilimpandisha, Saadiyat, wakati ule mtaalamu bado yumo. Mama alimwamkia kijana wa watu, akamuuliza hali, kisha akaona usukani unazunguka wenyewe na mikono ya kijana iko mapajani. Akaniuliza kwa Kiswahili, "Sasa huyu analipwa kwa kukaa?" Akasoma Ayatul Kursiy kimya kimya. Tulipofika nusu ya njia akatulia kabisa, akasema gari hili lina adabu kuliko mume wangu, maana lilikuwa limekaa nyuma ya lori bila haraka wala honi. Ila tulipofika, hakuna aliyeshuka kumtolea mkongojo wake kwenye buti. Nilishuka mimi. Angekuwa peke yake sijui ingekuwaje, na wazee wetu wengi hapa husafiri peke yao kwenda hospitali.

Jirani yangu wa ghorofa ya tatu analitazama jambo hili kwa jicho jingine. Ameanguka mtihani wa barabarani mara nne, ametumia maelfu ya dirham, leseni bado. Mtoto akipata homa usiku humsubiri mumewe atoke kazini. Kwa nini asiite teksi? Kwa sababu hapendi kukaa peke yake usiku na mwanamume asiye maharimu wake, na mumewe naye hapendi. Dubai kuna teksi za paa la waridi zinazoendeshwa na wanawake, lakini yeye haishi Dubai. Kiti kitupu kinachowatisha wengine ndicho kinachompa yeye amani. Nadhani wanaopima watu kama wanakubali au wanakataa magari haya wangejifunza mengi kwa kumuuliza mtu kama huyu.

Kakangu ndiye asiyecheka. Anaendesha teksi Dubai, saa kumi na mbili kwa siku, analipwa kwa asilimia ya makusanyo. Machi 2025 mamlaka ya barabara ya Dubai ilitia saini na Baidu ya China kuleta teksi zisizo na dereva, 100 kwa kuanzia, zifikie 1,000 ifikapo 2028. Yeye hana hofu ya kugongwa. Hofu yake ni 2028. Karo ya watoto watatu inatoka kwenye usukani ule, na nyumba anayoijenga Kisauni imefika kwenye linta.

Linaloniudhi mimi ni mawakala wa huko nyumbani. Bado wanawatafuta vijana wa kuja kuendesha teksi, Wakenya na Waganda, na vijana wanakopa au wanauza kiwanja ili walipe. Hakuna anayewaambia habari za magari haya. Sisemi wasije, teksi zenye madereva bado ni nyingi mno na hazitaondoka kesho. Nasema kabla ya kuuza kiwanja ulizia mkataba ni wa miaka mingapi, gharama ya leseni inakatwa kwa nani, na kama kuna mshahara wa msingi au ni makusanyo matupu. Ukilipwa kwa makusanyo matupu, kila gari jipya barabarani linakula katika sahani yako, liwe na dereva au lisiwe naye.

Kaka ameanza masomo ya leseni ya basi kubwa, jioni mbili kwa wiki baada ya zamu. Anataka basi la shule. Anasema bado hajakutana na mzazi atakayewakabidhi watoto arobaini kwa kompyuta.