Wakikuuliza: "Umeomba Fasi Ingine?"

Wandugu wanafunzi, sisi wa mwaka wa sita wengi tunaomba fasi kwenye vyuo viwili: kilimo kwa UEA Bukavu, sheria kwa ULPGL Goma. Mkubwa wa chuo akituuliza, tunaogopa, tunajibu: "Hapana, ni hapa tu." Akiuliza mara ya pili tunakwama, na hatuaminiwi tena. Kumbe hakutegi, anataka kujua kama utakuja kweli, kusudi kiti kisibaki bure. Basi ujibu kweli, kwa ufupi: "Ndiyo, niliomba Goma pia. Lakini hapa njo ninapenda zaidi, sababu ya kilimo." Usiseme chuo kingine vibaya. Na ukifika Goma, usiseme tena vilevile! Asipouliza, nyamaza. Kuomba fasi mbili si haya. Wazazi wetu hawapandi shamba moja tu.

Kapita wa wanafunzi