Kupanda Kilimanjaro: Kwa Nini Polepole?

Leo tuwafuate wapandaji wa Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Usiku hulala katika mahema. Siku ya tatu hupanda mpaka penye mwamba uitwao Lava Tower, kama mita 4,600. Jioni hushuka kulala kambi ya Barranco, kama mita 3,900. Mgeni hunung'unika: mbona tunarudi chini? Sababu ni hewa. Huko juu hewa ni nyepesi, na mwili huhitaji siku kadhaa kuizoea. Basi hupanda juu, wakalala chini.

Ukiumwa kichwa na kutapika, usipande zaidi. Mwenzenu akiyumba kama mlevi, au akihema hali amekaa, mteremsheni mara moja, hata kama ni usiku. Kungoja asubuhi kwaweza kumwua.