Bwana Mifugo Mwenye Hereni

Niseme ukweli mapema, mpenzi msomaji: wazo la makala hii halikuwa langu. Lilizaliwa kwenye kikao cha wahariri, siku tulipokuwa tukitafuta cha kuandika kuhusu wachumba wanaoishi miji tofauti. Mwenzetu mmoja akasema ana binamu yake anayesomea udaktari wa mifugo Morogoro, mchumba wake anafanya kazi benki Dar es Salaam, na kila wiki lazima wagombane.

"Wanagombania nini? Binti ana mwanaume mwingine?" nikauliza.

"Hapana. Ana ng'ombe."

Tulicheka mpaka machozi. Wiki mbili baadaye nilikuwa ndani ya treni ya umeme, ile iliyoanza safari zake za Dar hadi Morogoro Juni 2024, naelekea kukaa wiki nzima na huyo binti mwenye ng'ombe. Ameniomba nisiandike jina lake, kwa hiyo nitamwita Daktari kama wenzake wanavyomtania. Ana miaka 25, yuko mwaka wa tano, ambao ndio wa mwisho, na mpaka hapo cheti hajakipata.

Jumatatu alinipitia gesti saa kumi na mbili kasoro. Ovaroli ya kijani, buti za mpira, nywele kazifunga kilemba, na masikioni hereni mbili ndogo kama punje za mtama. Mimi nilikuwa nimevaa raba nyeupe. Aliziangalia, akatabasamu, hakusema kitu. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimeelewa lile tabasamu.

Kama hujawahi kufika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wenyewe wanakiita SUA, basi hujajua maana ya kusoma ukiwa umeegemea mlima. Uluguru iko hapo hapo nyuma ya madarasa, asubuhi imejifunika ukungu kama mtu aliyevuta shuka. Chuo kilianzishwa rasmi Julai 1984, miezi michache tu baada ya Waziri Mkuu Edward Sokoine kufariki kwa ajali ya gari mkoani humu humu Morogoro, tarehe 12 Aprili mwaka huo. Yule mzee mwenyewe alitoka kwa wafugaji. Na nchi hii ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, yaani nusu ya Watanzania wangeweza kugawiwa kila mtu wa kwake. Lakini mwambie mama mkwe mtarajiwa kwamba mwanao anaoa daktari, uone anavyofurahi. Halafu malizia: "wa mifugo." Uone uso unavyobadilika.

Mgonjwa wa kwanza siku hiyo alikuwa mbwa. Mzee mmoja alimleta amefungwa kamba mbili, moja huku, moja kule, akieleza kwamba tangu jana hali, anatoka mate na amemng'ata mjukuu wake. Nilitegemea Daktari aanze na mbwa. Hakumgusa.

"Shikamoo mzee. Huyo mtoto yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, mama yake kampaka mafuta ya taa."

Sauti ya Daktari ilibadilika. Alimweleza yule mzee taratibu, mara mbili, kwamba kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtoto afikishwe hospitali leo hii akaanze sindano, asisubiri kesho. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Kikiwahiwa, mtoto anapona na kurudi shule. Mwalimu wao akachukua simu kumtafuta mama wa mtoto, mbwa akatengwa, na Daktari akaenda kunawa. Niliona mikono yake inatetemeka kidogo.

"Watu wanadhani tunatibu wanyama," aliniambia baadaye tukinywa chai. "Dada, nusu ya kazi yetu ni kulinda watu."

Jumanne sina la kuwasimulia. Kutwa nzima ilikuwa darasa na maabara, na mimi nililala kwenye benchi la nje.

Jumatano mchana alinipeleka kuona panya. Usikunje uso. Hawa ni panya buku wanaofundishwa na shirika la APOPO, ambalo limeweka makao yake hapo SUA tangu mwaka 2000. Wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini, na wengine kunusa vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapa Tanzania, akaenda kufanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu kutoka Uingereza, panya wa kwanza kuipata. Alistaafu mwaka 2021, akafa Januari 2022. Jamani, panya kastaafu kwa heshima, wakati wapo wanaume tunaowajua!

Jioni hiyo ndipo nilipouona ugomvi wenyewe. Tulikuwa tumekaa kwenye kibanda cha chipsi nje ya chuo, simu ikaita kwa video. Kijana mtanashati, tai bado iko shingoni. Alinisalimia vizuri, "Shikamoo dada," kisha macho yake yakashuka kwenye vidole vya mwenzake.

"Pete iko wapi?"

"Iko chumbani, mpenzi."

"Kila siku iko chumbani. Nilikununulia kabati au nilikuvisha wewe?"

Sikujua nitazame wapi. Nikahesabu chipsi. Alipokata simu Daktari alinieleza, bila hasira, kama mtu aliyeshaeleza mara nyingi. Kazini pete haivaliki. Inachana glavu, inahifadhi uchafu, na ukiwa umeingiza mkono mpaka begani ndani ya ng'ombe, pete inaweza kumchubua. Mwenzake haya yote anayajua. Tatizo si pete. Kuna kampuni ya dawa za mifugo Dar inamtaka akimaliza chuo, kazi ya mauzo, gari juu. Mwenzake anaona hilo ndilo jibu la maombi yao. Yeye anataka aombe kazi serikalini, apangiwe halmashauri yoyote, hata iwe huko ambako mtandao wa simu unapatikana juu ya kichuguu.

"Na Ijumaa anakuja," akasema. "Shangazi yake anakaa Kihonda, ametualika chakula cha usiku. Ndiyo wananiangalia rasmi."

Ijumaa asubuhi walikuwa na safari ya mafunzo Mgeta, lakini saa kumi wangekuwa wamerudi. Ndivyo ratiba ilivyosema.

Barabara ya Mgeta unaifuata ya Iringa, unakata kushoto Sangasanga, kisha unaanza kupanda. Kadiri unavyopanda, joto la Morogoro unaliacha chini kama mzigo. Kona baada ya kona, matuta ya kabichi na maharage yameninginia kwenye miteremko mpaka unajiuliza wanalimaje bila kujifunga kamba. Mvua inayonyesha kwenye milima hii ndiyo inayoujaza Mto Ruvu, na Ruvu ndiyo inayotunywesha sisi wa Dar. Tulimo garini, wanafunzi tisa, mwalimu wao na mimi mwenye buti za kuazima.

Huko juu kuna mbuzi wa maziwa wenye damu ya Norway. Waliletwa miaka ya 1980, na hali ya hewa ya baridi ikawakubali. Kwa mtu mwenye kipande kidogo cha ardhi kwenye mteremko ng'ombe ni mzigo, mbuzi anafungwa bandani na kuletewa majani. Kazi ya wanafunzi ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba: kukagua kwato na viwele, kutoa dawa za minyoo, kujibu maswali. Saa nane tulikuwa tumemaliza. Tukapakia vifaa. Nilikuwa nishaanza kuota bafu la gesti.

Akaja mtoto wa kiume mbio, hana viatu. Mbuzi wa bibi yake anazaa tangu asubuhi na hazai.

Mwalimu aliangalia saa, akamwangalia Daktari. Alijua kuhusu chakula cha usiku. Darasa zima lilijua. Mwalimu mwenyewe ni mwanaume wa miraba minne, kiganja chake kinafunika sahani. Kiganja kile hakiingii kwenye nyonga ya mbuzi. Wavulana waliobaki nao walikuwa hivyo hivyo, na mabinti wengine wawili walikuwa wametangulia na gari la kwanza.

"Uamuzi wako," akamwambia.

Alivua saa ya mkononi. Kisha akatoa pete shingoni, kumbe alikuwa ameitundika kwenye kamba ndani ya ovaroli ili jioni asiisahau, akanikabidhi mimi. Nikaiweka kwenye mfuko wa suruali na kufunga zipu.

Tulitembea dakika 40 kwa miguu. Bibi alikuwa amekaa mlangoni mwa banda, amejikunyata na kanga yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Bwana mifugo yuko wapi?"

"Ndiye huyu, bibi."

Alimtazama kutoka juu hadi chini. "Huyu mwenye hereni?"

Ndoo ya maji ya moto, sabuni ya kipande, mafuta ya kupikia ya bibi. Daktari alilala kifudifudi kwenye majani machafu, akafumba macho. Nikadhani anasali. Alikuwa anasoma kwa vidole: kichwa cha mtoto mmoja, na miguu ya mwingine. Mapacha wamefungana mlangoni, kila mmoja anataka kutoka. Ukivuta bila kujua unavuta miguu ya huyu na kichwa cha yule, unaua wote watatu. Kwa hiyo alikuwa anaufuata kila mguu kutoka kwato mpaka bega, ajue ni wa nani. Mwalimu amechuchumaa pembeni anauliza kwa sauti ya chini: "Umepata nini? Umrudishe yupi?" Mbuzi analia kama mtoto wa mtu. Mimi ndiye niliyeshika kichwa, na sijawahi kuandika sentensi hii maishani: nilimbembeleza mbuzi kwa dakika 50.

Wa kwanza alitoka amekufa. Hakuna aliyesema kitu. Daktari alimweka pembeni, akarudisha mkono. Wa pili alitoka kimya, ulimi umevimba, na ndipo nilipomwona binti yule mpole akigeuka mtu mwingine: kamning'iniza kichwa chini, kamsafisha pua, kamchokonoa na jani la nyasi puani, kamsugua kwa gunia. Kitoto kikapiga chafya.

Bibi alianza kulia wakati huo, si kabla. Maziwa ya mbuzi yule, alisema, ndiyo daftari na sare za mjukuu. Shamba ni la mama yake, na la bibi yake kabla ya hapo; Waluguru ukoo wao unahesabiwa kwa upande wa mama. Tulikaa mpaka kitoto kikasimama na kunyonya dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, maana kisipoyapata saa za mwanzo hakina kinga. Saa kumi na mbili jioni ndipo tulipoanza kuteremka, giza linakaribia, bila mtandao. Simu ya Daktari ilipata mawimbi karibu na Mzumbe, saa tatu na nusu. Ilitetemeka mfululizo kama ina degedege. Simu 17 ambazo hazikupokelewa.

Hapa niwaambie kitu. Mwaka wa pili wa ndoa yangu, gazeti likienda mtamboni, nilirudi nyumbani saa saba usiku nikamkuta mume wangu amelala mezani mbele ya pilau lililopoa. Ilikuwa siku yetu. Kwa hiyo usiniulize niko upande wa nani. Kumweka mzee wa watu na ndugu zake kwenye meza masaa matatu si jambo dogo, na kijana ana haki ya kukasirika. Nilimwonea huruma kama nilivyomwonea yule bibi.

Jumamosi asubuhi tulikwenda Kihonda kuomba radhi. Daktari alivaa gauni refu, na pete. Alipiga magoti. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatisha, kisha akauliza swali moja.

"Mwanangu, kazi hii, mtu akiwa na mimba anaifanyaje?"

Mchumba akatazama chini. Niligundua kwamba swali lilikuwa lake pia.

"Kwa tahadhari, shangazi," akasema Daktari. "Kuna ugonjwa wa kutupa mimba wa wanyama, unaambukiza watu. Kuzalisha ningewaachia wenzangu mpaka nijifungue. Siwezi kusema hakuna hatari."

Kimya kirefu. Chai ikamiminwa. Halafu shangazi, bado uso haujafunguka, akasema kuku wake wanakufa. Saba tangu Jumapili. Wanapinda shingo, wanaharisha kijani.

Daktari aliinuka na kikombe mkononi. Nyuma ya nyumba alikagua banda huku akieleza kwamba hiyo ina dalili zote za mdondo, ambao hauna tiba. Waliokufa wachomwe au wafukiwe chini sana, asigawie jirani hata mmoja, asilete wapya kwanza. Balaa likipita, chanjo kila miezi mitatu, tone moja kwenye jicho. Akahitaji kumwona jogoo mmoja kwa karibu. Jogoo akakataa. Kijana wa benki, na viatu vyake vya ngozi, alimkimbiza akazunguka naye karo mara mbili, akamkamata kwa mkia.

"Mshike mabawa," akaamriwa. Akashika mabawa.

Jumapili nilirudi naye kwenye treni moja. Alikuwa kimya mpaka tulipopita Ngerengere, kisha akaniuliza kama yule mbuzi mkubwa naye alipona. Nikamwambia alipona. Nikamuuliza kuhusu ile kazi ya Dar, jibu linatakiwa mwisho wa mwezi.

"Sijui, dada," akasema. "Tumekubaliana kwanza amalize mitihani."

Akageukia dirishani. Kwenye soli ya kiatu chake cha kushoto kulikuwa bado na unyoya.