Damu ya Nyani Aliyetishwa

Wakulima wa Rungwa, Tanzania, wanamjua nyani kwa hasara ya mahindi, na kuwataka wamhurumie ni kuwaomba mengi. Kwa hiyo hoja yangu, kwamba nyani asitishwe anapotolewa damu kwa utafiti, siijengi juu ya huruma bali juu ya damu yenyewe. Hofu ikimshika mnyama, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini ndani ya sekunde, na kotisoli ndani ya dakika chache. Sukari hupanda, uwiano wa chembe nyeupe hubadilika. Basi damu ya nyani aliyebanwa kwenye kizimba cha ukuta wa kusogezwa inaeleza kubanwa kwake kabla ya kueleza afya yake. Ketamini nayo, dawa ya usingizi inayokimbiliwa na wengi, hupunguza limfosaiti, mojawapo ya chembe hizo nyeupe.

Jambo hili linatuhusu. Taasisi ya Utafiti wa Nyani ya Kenya, iliyoanzishwa na Louis Leakey mwaka 1960, imechunguza kichocho kwa kutumia nyani wa Afrika Mashariki waliotoka porini, na aliyezaliwa porini humwogopa binadamu zaidi. Dawa ya hofu hiyo ipo: mtafiti Viktor Reinhardt, huko Wisconsin, Marekani, alifundisha kima aina ya rhesus kutoa mguu wenyewe kwa zawadi ya chakula, wakiwa katika vizimba walivyovizoea, na kotisoli yao haikupanda kama ya waliobanwa. Wapo watakaosema mafunzo yanakula muda. Ni kweli, na si kila kima hufundishika. Lakini vipimo vilivyovurugwa na hofu huhitaji wanyama wengi zaidi ili ukweli uonekane, na gharama hiyo hawaihesabu.

Pingamizi zito ni la wanyama wa porini, ambao hakuna atakayewafundisha. Kwa hao, mwanasayansi Robert Sapolsky alipowachunguza nyani wa Maasai Mara aliwapiga sindano ya usingizi kwa mrija wa kupuliza, saa zilezile za asubuhi, wakiwa hawamwoni, akawahi kutoa damu. Huko Gombe, Tanzania, kirusi cha sokwe kinachofanana na VVU kilifuatiliwa miongoni mwa walio hai kwa kinyesi na mkojo tu. Katika Pori la Akiba la Rungwa mimi ningeanza na kinyesi: mabaki ya homoni yaliyomo ni ya saa nyingi zilizopita, hayajaguswa na ujio wa mtafiti. Sindano ningeiachia kisichopatikana humo, kama hesabu ya chembe za damu.