Kura ya Mtu Mweusi Marekani: Kaskazini na Kusini

Wengi wetu hudhani kwamba watu weusi wa Marekani waliitafuta haki ya kura kwa njia moja. Sivyo. Nchi ilikuwa moja, lakini mambo ya Kaskazini hayakuwa kama ya Kusini.

Tutazame kwanza Chicago, mji wa Kaskazini. Watu weusi waliohamia huko kutoka Kusini, wakitafuta kazi viwandani, waliruhusiwa kupiga kura. Tena walikaa pamoja katika mitaa yao, kwa hiyo kura zao hazikutawanyika. Mwaka 1928 walimpeleka Oscar De Priest katika Bunge la Marekani. Swali lao lilikuwa hili: Tumpe nani kura, naye atatufanyia nini?

Sasa twende Lowndes, wilaya ya mashamba ya pamba huko Alabama, upande wa Kusini. Katika kila watu watano, wanne hivi walikuwa weusi. Walakini mwaka 1965 ulipoanza, hapakuwa na mtu mweusi hata mmoja katika daftari la wapiga kura. Aliyethubutu kwenda kujiandikisha aliweza kufukuzwa shambani pamoja na watoto wake. Swali la huko lilikuwa: Je, tutahesabiwa?

Tarehe 6 Agosti 1965 sheria ya kulinda haki ya kura ilitiwa sahihi. Ndipo watu wa Lowndes walipounda chama chao wenyewe. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, alama ya chama ilikuwa jambo kubwa. Wakachagua chui mweusi. Sisi twaelewa maana yake, kwani katika uchaguzi wa Tanzania Bara wa mwaka huo huo wagombea walipewa alama za jembe na nyumba.

Novemba 1966 chama hicho kilishindwa viti vyote. Jamaa kadhaa walikuwa wamekwisha kufukuzwa katika nyumba zao, wakawa wanakaa katika mahema. Hata hivyo hawakukata tamaa. Mwaka 1970 John Hulett, kiongozi wao, alichaguliwa kuwa mkuu wa polisi wa wilaya ile ile.

Basi, msomaji, usikiapo habari za uchaguzi wa mahali po pote, usiulize tu ni nani atakayeshinda. Uliza kwanza: Ni nani walioandikwa katika daftari, na ni nani walioachwa nje?