'Mguu wa Kuku': Tazama Triga Kwanza, Mng'ao Baadaye!

Huku Endagikot, Mbulu, baridi haina mchezo, kila mtu na koti lake. Sasa mtu akitoka mnadani na kitita cha mauzo ya ng'ombe, wazo la kuongeza kitu chini ya koti haliko mbali: 'mguu wa kuku', yaani bastola. Muulize anataka ipi, atakutajia majina tu, Glock, Beretta. Muulize triga yake ikoje, kimya!

Na triga ndiyo roho ya bastola, mwanangu. Zote hizi hujipakia zenyewe: risasi ikitoka, nyingine inaingia chemba. Tofauti ipo kwenye kazi ya kidole.

Babu yao ni Colt ya 1911, kazi ya Mmarekani John Browning. Hiyo bila kukoki nyundo kwanza, triga haifanyi kitu. Ikishakokiwa ni laini kama siagi, wapiga shabaha wanaihusudu mpaka leo. Lakini kutembea nayo imekokiwa kunataka mtu mwenye nidhamu, si wa bia tatu.

Mwaka 1929 Wajerumani wakatoa Walther PP, ambayo triga yenyewe inavuta nyundo na kuiachia. Makarov ya Warusi na Beretta 92 ya Waitaliano zikafuata njia hiyo. Kasheshe ni hii: risasi ya kwanza triga ni ndefu na nzito, ya pili inakuwa nyepesi kwa sababu bastola imeshajikoki. Kidole kilichozoea kukaza kinakuta ulaini ghafla, risasi inatoka hujaamua. Tena ukiirudisha kiunoni bila kushusha nyundo kwa kile kiwashio cha pembeni, unatembea na ile nyepesi.

Glock 17 ya Austria ikaja mwanzoni mwa miaka ya 80. Haina nyundo ya nje wala sefti ya dole gumba, sefti ni kiulimi kilicho ndani ya triga. Mvuto ni uleule mwanzo mpaka mwisho, karibu kilo 2 na nusu. Kwa asiyefanya mazoezi kila mara, kura yangu naipa hii, kidole kinajifunza kitu kimoja tu.

Ila usishangilie! Kiulimi hakijui tofauti ya kidole na kamba ya koti. Kamba ikinasa kwenye triga wakati unasukumia bastola kwenye ala, paja lako ndilo la kwanza kujua. Ala iwe ngumu, ifunike triga yote, na uweke taratibu huku unaangalia. Kuitia mfukoni mwa koti hivi hivi, sahau. Nyumbani kwenye watoto, kasha la chuma lenye kufuli, iwe Glock au Makarov.

Idadi ya risasi na madoido mengine ni ya baadaye. Leseni nayo haina njia ya mkato, kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015.

Ukifika dukani, mwombe muuzaji ruhusa ya kujaribu. Toa magazini, vuta slaidi, hakikisha chemba ni tupu, elekeza pasipo na mtu, kisha vuta triga polepole mara kumi. Ikikushtua hata mara moja, mrudishie.