Wimbi Lisilomezwa na Radi

Mvua za vuli zikianza kutanda juu ya mji wa Kharumwa, washa redio usiku uiweke masafa ya kati, pale kilohezi 1377 ambapo wasikilizaji wa Radio Free Africa ya Mwanza walizoea kuipata. Kila radi ikimulika upande wa ziwa, spika inakwaruza "kraa!" na neno la mtangazaji linamezwa. Hamia FM: radi ni ileile, sauti ni safi.

Mfikirie mpiga ngoma anayepiga kwa mwendo mmoja. Akitaka kukupa habari kwa ngoma ile, ama atabadilisha nguvu ya mkono, ama atabadilisha mwendo. Upepo ukivuma, nguvu itakuchanganya: hujui kama ni mkono uliolegea au ni upepo uliochukua mlio. Mwendo, hata mlio ukififia, bado unauhesabu.

Masafa ya kati hubeba sauti kwa nguvu, yaani kwa kimo cha wimbi, na radi nayo huvuruga kimo hichohicho. FM hubeba kwa mwendo. Stesheni ya megahezi 100, studio ikiwa kimya, hutoa mawimbi milioni 100 kwa sekunde. Mtangazaji akisema, idadi hiyo, yaani masafa, hupanda na kushuka. Hapa wengi hukosea, basi twende polepole. Ukubwa wa sauti huamua masafa yayumbe umbali gani, mwisho kilohezi 75 juu au chini. Wembamba wa sauti huamua yayumbe mara ngapi. Filimbi ya mitetemo 1,000 kwa sekunde huyayumbisha mara 1,000. Ipulizwe kwa nguvu, yatakwenda mbali zaidi, lakini mara zilezile 1,000. Ndani ya redio kuna sehemu inayokata vilele vya mawimbi vilingane. Mkwaruzo mwingi wa radi hukatwa navyo, na habari haiguswi, maana haikuwekwa kileleni.

Mmarekani Edwin Armstrong alipata hataza za mfumo huu mwaka 1933. Wenzake walikuwa wametafuta kuyumbisha kidogo ili kubana nafasi. Yeye aliyaacha masafa yayumbe sana, na ujasiri huo ndio uliozaa utulivu tunaousikia.

Nafasi basi huliwa: kilohezi 200 hivi kwa stesheni, wakati masafa ya kati hupangwa kila baada ya kilohezi 9. Ndiyo maana FM iko juu, megahezi 87.5 hadi 108, ambako mawimbi husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kama mwanga. Kilima cha mawe kikikaa kati yako na mnara, sauti hufifia. Panda mahali palipoinuka, na uvute antena: wimbi la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, na sentimita 75 za antena ni robo yake kamili.